Kabla Nyumbu Hawajavuka

Kuanzia Julai hadi Oktoba magari hujipanga juu ya kingo za Mto Mara, pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na ng'ambo ya pili upande wa Lamai, yakingoja jambo lisiloamuliwa na yeyote aliyemo ndani yake. Nyumbu hukusanyika. Wa mbele huteremka hadi ukingoni, hunusa maji, husimama, na vumbi la walio nyuma huzidi kuwajia migongoni. Kisha pundamilia mmoja hushtuka na kugeuka, kundi zima hugeuka naye, na saa mbili za kungoja huishia majanini. Ndani ya gari swali ni moja tu: watavuka? Mwongoza watalii hulijibu swali hilo kuliko jingine lolote, na kila jibu lina gharama yake. Akisema "watavuka" ametoa ahadi isiyo yake. Akisema "huvuka hapa" ametaja desturi ya mahali bila kusema lolote kuhusu leo. Akisema "naomba wavuke" ameeleza hamu yake wala hakuigeuza kuwa habari. Agosti, mwezi ambao Wahispania wengi huchukua likizo, huangukia katikati kabisa ya msimu huu, na kwa hiyo jibu hilo la tatu hutakiwa mara nyingi kwa lugha yao: "Espero que crucen." Kitenzi ni cruzar, kuvuka. "Cruzan" ni wanavuka. "Crucen" ni wavuke. Kwa sikio, umbali kati ya jambo linalotokea na jambo linaloombwa ni irabu moja.

Ninachotaka kukisifu hapa ni ustadi wa kuishika irabu hiyo: umbo ambalo Wahispania huliita subjuntivo, la wakati uliopo, kwa vitenzi vya kawaida, visivyo na ukaidi. Ni ustadi mdogo kwa kanuni na mkubwa kwa kazi, kwa kuwa unamlazimu msemaji aamue, kabla ya kufunga neno, kama anatoa habari au anatamani, anatilia shaka, anangojea. Tena ni ustadi ambao kijana wa Tarime au wa Mugumu, miji isiyo mbali na mto huo, akiujia, anakuja na nusu ya vifaa mkononi. Dai hili la pili ndilo litakalobishiwa, kwa hiyo nitalikawilia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Unachukua umbo la "mimi" la wakati uliopo: hablo, nasema, como, nakula, vivo, naishi. Unaiondoa ile o. Kisha vitenzi ambavyo jina lao huishia -ar hupokea e, na vile vya -er na -ir hupokea a. Hivyo hablar inazaa hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Comer inazaa coma, comas, coma, comamos, comáis, coman. Na vivir inaifuata comer hatua kwa hatua, viva, vivas, viva, hadi mwisho. Kila nyumba ya vitenzi inaazima irabu ya jirani. Vipo vitenzi vinavyokataa mpango huu, na ni vile vinavyotumika kila siku, kama ser, ir na saber, ambavyo havina dawa ila kukaririwa; lakini vinahesabika, ilhali vinavyotii ni maelfu. Baadhi vinaonekana vikaidi kwa jicho tu. Cruzar inaandikwa crucen, llegar inaandikwa lleguen, buscar inaandikwa busquen, na mwanafunzi hudhani ameonewa. Hajaonewa. Herufi zimebadilika ili sauti isibadilike. Sisi tuliozoea kuandika tunavyotamka tunaweza kulichukua jambo hilo kama mzigo wa karani, na kuendelea na safari.

Sasa vifaa. Kiswahili kina irabu tano. Kihispania kina irabu tano, na ni zile zile, zinazotamkwa wazi popote zinapoketi. Jambo hili linaonekana dogo hadi umfikirie mtu aliyekulia kwenye Kiingereza, lugha ambayo huzifisha irabu zisizobeba mkazo hadi zote zikaribie kufanana. Kwake yeye habla na hable hukaribiana mno mdomoni, na maana ya sentensi nzima ikiwa imekabidhiwa irabu hiyo, huanguka nayo. Msemaji wa Kiswahili hajawahi kuidharau irabu ya mwisho. Amekua akijua kwamba soma na some si kitu kimoja, kwamba "anasoma" na "asome" vinatoka kwenye mioyo miwili tofauti. Jingine ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Pitia orodha niliyoitoa hapo juu: hable, hablemos, hablen, coma, comamos, coman, zote zimekaa hapo hapo. Zinazokwepa ni mbili tu, habléis na comáis, nazo ni za vosotros, yaani "ninyi" wa karibu, wa marafiki, ambao Amerika ya Kilatini hawautumii na ambao Uhispania kwenyewe huwekwa kando anapoongea mtu na mgeni au mzee anayemstahi. Mwongoza watalii anayeanza na ustedes amechagua heshima, na kwa bahati njema heshima hiyo ina mkazo wa Kiswahili.

Tena Kiswahili si lugha pekee masikioni mwa watu hawa. Wilayani Tarime mtoto husikia Kikurya nyumbani, Kiswahili shuleni na gulioni Sirari, na Kijaluo kwa majirani wa Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi 2007. Wilayani Serengeti kuna Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye, na Kikurya tena. Lugha zote hizo, ukiacha Kijaluo, ni za Kibantu, na umbo la kutaka linalofungwa kwa e ni mali ya zamani ya ukoo huo. Mbelgiji A. E. Meeussen, alipochapisha mwaka 1967 jaribio lake la kuijenga upya sarufi ya Kibantu cha kale, aliiweka e hiyo miongoni mwa vitu tulivyorithi sote. Kikurya kinaongeza jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza. Katika kitenzi cha Kikurya, toni ya juu inaweza kuangukia kipimo cha kwanza cha sauti katika shina, au cha pili, au cha tatu, au cha nne, na mahali inapoangukia hueleza ni wakati gani au hali gani inayozungumzwa. Jelle Cammenga alikiandikia Kikurya kitabu kizima cha sauti na maumbo, kilichotoka 2004, na waliomfuata wameendelea kuzihesabu toni hizo kwa mshangao wa haki. Sikio linalotofautisha vitenzi kwa kuhesabu vipimo mpaka cha nne halitaona shida kusikia kama neno limeishia kwa a au kwa e.

Lakini urithi huo una mtego, na mtego wenyewe uko mlangoni mwa gari. Kwetu e ndiyo alama ya kutaka, basi. Kwa Kihispania ni alama ya kutaka kwa nyumba moja tu. "Bajen" ni mshuke, kutoka bajar. Mwanafunzi aliyefurahia wepesi huo atataka kusema mpande, kutoka subir, na sikio lake la Kibantu litamletea "suben". Hapo amenaswa: "suben" ni wanapanda. Anadhani amewaalika wageni garini, kumbe ametoa taarifa ya habari juu yao. Alichopaswa kusema ni "suban". Na kinyume chake, akisema "bajan" amesema wanashuka. E ya kushuka ni ombi, e ya kupanda ni habari. A ya kupanda ni ombi, a ya kushuka ni habari. Sijui mfano mwingine mwepesi kuliko huu wa kuufundisha mpango mzima, kwa maana hakuna mwongoza watalii anayeweza kumaliza asubuhi moja bila kuvihitaji vitenzi vyote viwili. Anayetaka kuuzoeza ulimi na afanye mazoezi kwa jozi za namna hii, moja ya kila nyumba, asijifunze -ar mwezi mzima kabla ya kugusa -er: esperen, beban, miren, corran, hablen, abran. Mguu wa kulia na wa kushoto hufundishwa pamoja.

Mpango huu wa kuazimana irabu una historia. Kilatini, mama wa Kihispania, kilikuwa na vitenzi vya aina ya amare vilivyochukua e katika umbo hili, amet, na vingine vilivyochukua a, legat, audiat. Warumi waliufikisha Hispania, na wakulima na askari wakautunza kwa karne nyingi kabla Antonio de Nebrija hajachapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492. Na tukiangalia kwetu, e si vazi la pekee. Vitenzi vilivyotujia kutoka Kiarabu haviivai kabisa: tunasema "turudi", "ajibu", "wasubiri", na hakuna asiyetambua kwamba hapo pana ombi au nia. Tunaitambua kwa pengo: palipotarajiwa -na- au -ta- au -li- hapana kitu. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili tayari anajua, ingawa pengine hajawahi kuambiwa, kwamba hali ya kutaka haiishi ndani ya herufi moja, bali hujionyesha kwa kinyume cha kile ambacho kingetarajiwa. Kinachotakiwa ni kulihamisha jambo hilo hadi kwenye irabu. Mtego unabaki mtego, lakini umewekwa kwenye njia tunayoijua.

Kuna mahali lugha hizi mbili zinafanana hadi mtu ashawishike kutafuta undugu usiokuwapo. Kiswahili humwambia mtu "shuka", amri tupu. Kikitaka kumkataza hakisemi amri hiyo kwa kuikanusha. Kinaiacha kando, kinakwenda kuchukua umbo la kutaka, na kusema "usishuke". Kihispania humwambia rafiki "baja", shuka. Kikitaka kumkataza nacho huiacha amri hiyo na kwenda kuchukua subjuntivo: "no bajes". Kwa nini lugha mbili zisizojuana zimekubaliana kwamba amri inaweza kuamuru lakini haiwezi kukataza? Nadhani, na hili ni wazo langu tu, ni kwa sababu anayekataza anazungumzia jambo ambalo halijatokea na ambalo anataka lisitokee kamwe. Yuko ndani kabisa ya nchi ya yasiyokuwapo, na nchi hiyo ina sarufi yake. Kiswahili kinakwenda mbali zaidi. Mtu akiingizwa ndani ya kitenzi, hata amri ya kukubali hulegea na kuchukua e: ita, lakini mwite, ngoja, lakini ningoje. Na amri ya wengi, ngojeni, huibeba e hiyo hiyo kana kwamba watu wawili au zaidi hawaamrishwi ila kwa kubembelezwa. Kihispania nacho, kikisema na ustedes, hakina amri nyingine ila subjuntivo: "esperen", "miren", "no griten", "no abran la puerta". Serengeti ni hifadhi tangu 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na katika sehemu kubwa ya eneo hilo mgeni haruhusiwi kukanyaga ardhi ila palipotengwa. Hebu fikiria ni mara ngapi kwa siku "no bajen" husemwa humo. Anayeikosea irabu hiyo ameyakosea maneno ya usalama.

Mpaka hapa nimekuwa nikisifu mfanano. Ustadi wenyewe lakini unaanza pale mfanano unapokoma. Kazi ambayo Kihispania huipa subjuntivo peke yake, Kiswahili huigawa kwa mafundi kadhaa. "Para que vean" ni ili waone: hapo tuko pamoja. "Hasta que crucen" ni mpaka wavuke: bado tuko pamoja. "Cuando crucen" ni watakapovuka, au wakivuka: hapo e imetutoka, -ki- imeingia kazini. "Antes de que crucen" ni kabla hawajavuka, na -ja- ile ya kukanusha ndiyo inayobeba mashaka yote, kwa namna ambayo mimi huiona nzuri kupita ya Kihispania, kwa sababu inalitazama tukio kutoka upande wa kutotokea kwake. "No creo que crucen" ni sidhani kama watavuka, na hapo Kiswahili, cha ajabu, kinatumia -ta- ya yakini ndani ya sentensi ya mashaka. "Quizá crucen" ni labda watavuka, vivyo hivyo. Lakini "a lo mejor", ambayo nayo maana yake ni labda, inaikataa subjuntivo na kudai "cruzan". Hapa hakuna kanuni inayoweza kumsaidia mtu ambaye hajasikiliza watu wakiongea.

Anayetafsiri kitenzi kwa kitenzi, -ki- kwa kitu fulani na -ta- kwa kitu fulani, atapotea hatua ya tatu. Anayefanikiwa ni yule anayeuliza swali moja nyuma ya maumbo yote: je, hapa ninatoa habari? Katika "wakivuka tutapiga picha", kuvuka si habari. Katika "sidhani kama watavuka", kuvuka si habari. Katika "kabla hawajavuka", si habari pia. Kiswahili kina vazi tofauti kwa kila namna ya kutokuwa habari. Kihispania kina vazi moja kwa zote. Kwa hiyo anayetoka Kiswahili kwenda Kihispania hajifunzi wazo jipya. Anajifunza kuona kwamba mawazo aliyoyaweka kwenye masanduku manne yalikuwa ya aina moja. Na akirudi nyumbani anaziona vizuri zaidi zile tofauti ambazo Kihispania hakizioni.

Pamoja na hayo, pako mahali Kihispania kinaona na sisi hatuoni. Wakala wa safari akiandika "buscamos a un guía que habla español", anatafuta mtu fulani anayemjua, ambaye anaongea Kihispania na pengine amechelewa kufika. Akiandika "buscamos un guía que hable español", anatafuta yeyote mwenye sifa hiyo, na inawezekana hayupo. Kwa Kiswahili zote mbili huwa "anayeongea Kihispania", na msikilizaji huachiwa kubahatisha. Jambo hili si la vitabuni tu kwa watu wa Mugumu au wa kijiji cha Robanda: kati ya habla na hable ndipo ilipo tofauti ya nafasi iliyokwisha kupata mtu na nafasi iliyo wazi. Vivyo hivyo "aunque tardan, esperamos" ni ingawa wanachelewa, tunangoja. "Aunque tarden, esperamos" ni hata wakichelewa, tunangoja. Hapo tunalingana tena, lakini sisi tunahitaji kubadili neno la mbele na kitenzi, wao wanabadili irabu.

Sifa hizi zina mapingamizi yake. La kwanza ni la watu wa vitendo, nalo lina nguvu. Mhispania akisikia "espero que cruzan" ataelewa. Atatabasamu, pengine atasahihisha moyoni, na atageuza uso mtoni. Watalii hawalipii sarufi. Ni kweli, na sitaki kuwatisha wanaoanza. Lakini pingamizi hili linadhani kwamba kosa daima ni umbo baya lenye maana nzuri. Mara nyingi ni umbo zuri lenye maana nyingine. "Cuando cruzan, hay cocodrilos" ni kila wavukapo, mamba wapo: somo la viumbe. "Cuando crucen, no se levanten" ni watakapovuka msisimame: maelekezo ya dakika chache zijazo. Mgeni anayesikia ya kwanza badala ya ya pili hatajua kwamba ameambiwa afanye jambo. Kuhusu "suben", mgeni atapanda kwa sababu ameuona mlango uko wazi, wala sentensi haikumsaidia. Siku mlango utakapokuwa nyuma yake na simba mbele, ingefaa sentensi imsaidie.

Pingamizi la pili ni la kimaadili na linanivutia zaidi. Nimedokeza kwamba umbo hili linamlazimu mtu aseme kweli. Mtu aweza kujibu kwamba sarufi haijamfanya yeyote kuwa mkweli. Kwamba tapeli hodari huishi humo humo kwenye "inawezekana" na "natumaini". Kwamba mwongoza watalii asiyejua lolote kuhusu nyumbu anaweza kujificha siku nzima nyuma ya "es posible que crucen", na hakuna atakayemshika uongo. Nakubali yote. Umbo la mashaka ni kichaka kizuri kwa mjinga kama lilivyo kiti kizuri kwa mwenye busara. Ndiyo maana ustadi ninaousifu haukamiliki bila upande wa pili, nao ni kujua kuliacha. Mwenye kujua atasema bila subjuntivo yale anayoyajua: hapa ukingo ni mkali, pale kina ni kifupi, magari yakikaribia mno wanyama hugeuka, waliovuka jana wanaweza kurudi kesho kwa sababu nyasi ziko pande zote mbili. Hizo ni habari, na zinastahili kusemwa kama habari. Na nyumbu wa kwanza akijitupa majini, neno sahihi ni "¡Cruzan!", lenye a, na atakayeendelea kutumaini dakika hiyo amechelewa. Subjuntivo ina thamani kwa yule tu ambaye habari zake pia zina thamani.

La tatu ni la wapenzi wa lugha za nyumbani. Kwa nini tusifu irabu za Madrid wakati Kiikoma na Kiisenye zina wasemaji wachache na vitabu vichache zaidi? Je, si afadhali kijana ajifunze kuandika e ya bibi yake? Ingekuwa kweli kwamba moja hula nafasi ya nyingine, ningeachana na Kihispania leo. Lakini sidhani kama kichwa ni ghala la mahindi. Watu wa wilaya hizi wamekuwa wakiishi na lugha tatu au nne tangu kabla ya mipaka ya wilaya hizi. Na jambo moja nina hakika nalo: watu wengi hawaioni sarufi ya lugha yao mpaka wagonge mguu kwenye sarufi ya wengine. Aliyesumbuliwa na "suban" na "bajen" atauliza, kwa mara ya kwanza, Kiikoma hufanyaje hapo. Na ndani ya swali hilo kuna mwanzo wa mwandishi wa Kiikoma. Watu wa Guinea ya Ikweta, Wabubi na Wafang, wenye lugha za Kibantu nyumbani na Kihispania serikalini, wameishi na jozi hii kwa vizazi, na lugha zao zingalipo. Kuhusu simu inayotafsiri yenyewe, nitasema machache tu. Itumike. Haijui kama anayeongea anatamani au anajua, na mtandao haufiki kila kona ya mto.

Afadhali niseme juu ya furaha, kwa kuwa mabishano yanaweza kumfanya mtu asahau kwamba umbo hili lipo hasa kwa ajili ya kutakiana heri. Jioni kambini, wageni wakielekea mahemani, Kihispania kinasema "que descansen", na Kiswahili kinasema mpumzike, mlale salama: kitenzi kile kile cha kawaida, irabu ile ile, hakuna aliyemwiga mwenzake. Neno "viva", ambalo Afrika imelisikia kwenye mikutano mingi ya siasa, kwa Kihispania ni subjuntivo ya vivir na si zaidi ya hapo. Na sisi, katika mkoa zilimo wilaya hizi, ambamo Mwalimu Nyerere alizaliwa, tumeitikia "Kidumu Chama" bila kutambua kwamba tumejenga sentensi ile ile, kitenzi cha kutaka kimetangulia na mtendaji anafuata nyuma. Kuna pia "ojalá", neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu waliotawala sehemu kubwa ya nchi yao, kutoka maneno yenye maana ya Mungu akipenda. Pwani yetu ilichukua "inshallah" kutoka lugha hiyo hiyo. Bara, watu husema Mungu akipenda, kwa -ki-, na hapo hapo huongeza -ta-: Mungu akipenda watavuka. Mhispania hana ruhusa hiyo. Baada ya "ojalá" ni lazima aseme "crucen". Neno la Mungu likishatangulia, lugha yake haimruhusu kuzungumza kana kwamba amekwisha kujibiwa.

Na kitenzi ambacho ningempa mwanafunzi kwanza kabisa, kabla ya hablar na comer za vitabuni, ni esperar. Ni cha kawaida, ni cha -ar, hakibadilishi herufi hata moja, na kina maana mbili ambazo Kiswahili kimezitenga: kungoja, na kutumaini. Mtu akikisema kwa nafsi ya "sisi" katika umbo hili anapata "esperemos", na kinachofuata ndicho huamua. "Esperemos que crucen" ni tutumaini kwamba watavuka. "Esperemos a que crucen" ni tungoje mpaka wavuke. Zimetenganishwa na a ndogo, ambayo kwenye maandishi huonekana vizuri na kwenye kelele za redio ya gari, nyumbu wakikoroma ukingoni na watu wanane wakinong'ona, humezwa kabisa, na saa nyingine inapita bila yeyote garini kuwa na haja ya kujua ni ipi iliyosemwa.